Nyumba Ikianguka Mpanda

Tuanze na tofali. Vijijini Mpanda, mkoani Katavi, nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya udongo, mengine ya kuchoma, mengine yaliyokaushwa juani tu. Tofali bichi likiwa kavu ni gumu, kwa sababu maji machache yaliyosalia katikati ya chembe za mfinyanzi huzivuta chembe hizo zishikamane. Maji yakizidi, mvuto hutoweka na chembe huteleza. Ndiyo maana ukuta uliosimama miaka mingi hulala chini usiku mmoja wa Februari.

Familia inatoka na watoto na turubai. Inahitaji pa kulala usiku uleule na chakula cha kesho, hayo hayangoji. Inahitaji pia matofali mapya na paa, na hayo hayaharakishwi. Tofali halikauki mvua ikinyesha, na nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi zikishakomaa. Kwa hiyo familia hii itakaa kwa watu kwa miezi. Kwa watu gani? Hapo ndipo penye sayansi yenyewe.

Chukua mfano wa kubuni: kaya 20 zimeafikiana kusaidiana, na kila nyumba ina uwezekano wa mara moja katika miaka 20 wa kuanguka. Kwa wastani itaanguka nyumba moja kwa mwaka, nazo kaya 19 zitagawana mzigo wake: huyu debe la mahindi, yule siku mbili za kufyatua matofali. Je, zikianguka tatu au zaidi mwaka mmoja? Ukikokotoa, hilo hutokea katika miaka saba au minane hivi kati ya 100. Mpango unahimilika, wala hakuna aliyehitaji kuwa tajiri.

Lakini hesabu hiyo imeficha sharti moja: kwamba nyumba ya Juma ikianguka, ya Mariamu haina habari. Upepo wa mvua hauko hivyo. Unapita mtaa mzima, unang'oa mapaa kumi kwa robo saa, na wale 19 waliotakiwa kusaidia wanatafuta masufuria yao kwenye tope. Jirani ni mwepesi kufika kwa sababu yuko karibu, na kwa sababu hiyohiyo huumia pamoja nawe. Ndipo binti aliyeolewa Sumbawanga, au mnunuzi wa mpunga anayekuja na treni kutoka Tabora, anakuwa na thamani kubwa kuliko majirani watano: mvua ya Mpanda haikumgusa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter aliandika kwamba watu tusio na ukaribu nao sana ndio hutufikishia yale ambayo wa karibu hawana. Yeye alikuwa akizungumzia kazi na habari. Kwa nyumba iliyoanguka naona hoja inasimama vilevile.

Kuna jambo jingine, na hili linauma. Kijijini Nyakatoke, mkoani Kagera, mtafiti Joachim De Weerdt aliwauliza watu wa kaya zote 119 ni nani wanayeweza kumtegemea kwa msaada. Undugu, ukaribu wa nyumba na dini vilionekana wazi katika majibu. Ila kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kuwategemea kuliko kaya zenye uwezo. Anayesaidiwa leo hutarajiwa kurudisha kesho, na asiye na cha kurudisha hupungukiwa na wa kumwendea. Tukisema tu kwamba kijiji kitamsaidia mjane, tumeruka hesabu ngumu kuliko zote.

Katavi ina kisa kinachopima haya kwa kipimo kikubwa. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi porini Katumba, na baadaye Mishamo. Walifika bila nyumba. Kwa miongo mitatu na zaidi walijenga, wakalima, wakaozana, wakazikana. Ilipoamuliwa kuwapa uraia wa Tanzania watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, mpango wa awali uliwataka wahame na kutawanywa katika mikoa mingine. Vyeti vilicheleweshwa. Hatimaye serikali iliachana na sharti la kuhama, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kugawiwa.

Msomaji makini atauliza: si nimesema watu wa mbali ndio wa thamani? Basi kuwatawanya kungewafaa. Sivyo. Binti wa Sumbawanga ana faida kwa sababu wengine wamebaki, anajua wako wapi, na wanamdai na kudaiwa naye mambo ya miaka. Kaya zote zikihamishwa kwa mkupuo, kila moja wilaya yake, aliye mbali naye anaanza upya: anafyatua matofali yake mwenyewe kati ya watu ambao hajawahi kuwazikia mtu.