Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum na Mtihani wa Shule

Muhula ukikaribia kwisha hapa Longonot, akina mama katika jumuiya ndogo ndogo hutuuliza swali lile lile: mtoto yuko Gredi ya 2, nyumbani anaeleza kila kitu vizuri, lakini karatasi ya mtihani anairudisha tupu. Je, ni mvivu?

Hebu tusiharakishe kusema mvivu. Huenda hasikii vizuri, haoni ubao, au herufi zinamchanganya. Mwingine jibu analijua lakini mkono hauandiki haraka, kengele inalia akiwa bado kwa swali la tatu. Ukimchapa hutamfunza kusoma. Utamfunza kuogopa karatasi, na siku ya mtihani ataamka akisema tumbo linauma. Na pengine linauma kweli.

Tangu 1984 Kenya ina vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyoitwa EARC. Anza kwa mwalimu mkuu akuandikie barua, kisha uulize ofisi ya elimu kule Naivasha. Tunajua kwa anayechuma maua siku ya kwenda ni siku ya mshahara kupotea, na nauli juu yake. Nenda tu, na uende mapema, muhula wa kwanza. Bila ripoti ya kituo, mambo hubaki maneno ya mzazi.

Ukishaipata, kaa na mwalimu, lakini usiende kwa ugomvi, darasa lake limejaa. Omba mambo madogo: mtoto akae mbele, apewe muda zaidi, asomewe swali la hesabu kwa sauti, maana hapo anapimwa hesabu, hapimwi kusoma. Gredi ya 1 hadi ya 3 mitihani mingi iko mikononi mwa shule, kwa hiyo mwalimu anaweza.

Wengine watasema ni upendeleo. Sivyo. Hata Baraza la Mitihani, KNEC, huwapa watahiniwa wenye ulemavu dakika za ziada katika mitihani ya kitaifa, na karatasi za breli au za maandishi makubwa. Ila ni lazima shule iseme wakati wa kumsajili mtoto. Mzazi anayengoja wiki ya KPSEA, Gredi ya 6, amechelewa.

Nyumbani dakika 10 kwa siku zatosha. Chezeni mtihani: aandike jina, ajibu maswali 2, apumzike. Kama hushtuliwa na mabadiliko, mwambie mapema kwamba siku hiyo watakaa mbali mbali na mwalimu hatawasaidia. Asubuhi anywe uji. Akirudi, usianze na "umepata ngapi?" Muulize ni swali gani alilipenda. Na alama zake zilinganishe na zake za muhula uliopita, wachana na za mtoto wa jirani.

Anayeogopa kwenda kituoni peke yake atuone baada ya Misa ya Jumapili. Aje na kadi ya kliniki ya mtoto na madaftari yake, hata yale yaliyochanika.