Shangazi, baiskeli yangu imegeuka kamba ya nguo



Mimi ni mwana wa Arusha, nina miaka 36, ninaishi Glasgow, Uskoti, na familia yangu. Ninafanya kazi kwenye makao ya wazee, zamu za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Nyumbani nilikuwa mtu wa baiskeli hasa. Jumapili tulikuwa tunatoka kundi zima alfajiri, Arusha hadi Moshi, tunapiga chai, tunarudi. Huku nimejiandikisha kwenye Etape Caledonia, ule msafara wa baiskeli unaofanyika Mei kule Pitlochry, zaidi ya kilomita mia moja na vilima vyake.

Giza la Oktoba lilipoanza nilinunua stendi ya mazoezi, ile unayoifunga baiskeli ukakanyaga bila kwenda popote. Iligharimu pesa nyingi na mke wangu hajanisamehe. Nikajipangia: saa mbili nzima kila siku, siku sita kwa wiki, kama nilivyokuwa nikifanya wakati wa kiangazi. Wiki ya kwanza nilitimiza. Ya pili nikaanza kuruka siku. Sasa ni Januari na sijapanda tangu kabla ya Krismasi. Nikipanda, nusu saa haijaisha nimechoka kuutazama ukuta. Jasho linamwagika sakafuni, makalio yanawaka moto, na jirani wa ghorofa ya chini anagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Mke wangu ameanza kuanika soksi za watoto kwenye usukani. Juzi akaniuliza, "Siku zote ulizokanyaga, umefika wapi?" Nikakosa jibu.

Kinachoniumiza zaidi ni wenzangu wa Arusha. Kila Jumapili wanatuma picha WhatsApp, jua limewaka, mlima uko wazi nyuma yao. Mimi naziangalia nikiwa chini ya blanketi, najiona mvivu. Faida za mazoezi nazijua, naomba usinihubirie. Nieleze tu hamu inapatikana wapi. Au niiuze hii stendi yaishe?

Mkanyaga Ukuta, Glasgow

*



Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mvivu, sikumwona. Nimemwona mtu anayekesha akigeuza na kunyanyua wazee wa watu, kisha anajidai saa mbili za baiskeli siku sita kwa wiki, chumbani, bila upepo, bila mwenzake. Ratiba hiyo hata anayelipwa mshahara wa kukanyaga angeikimbia. Hamu yako haikupotea. Iliipima kazi uliyoipangia, ikaona haina kichwa wala miguu, ikaondoka zake. Kwa hiyo sitakwambia ukaitafute. Tuitengeneze kazi yenyewe kwanza.

Kosa la msingi ni kuihamisha saa ya barabarani ukaileta sebuleni kama ilivyo. Barabara ya Moshi ina mteremko, ina kona, ina matuta, ina ng'ombe wanaovuka kwa raha zao. Kila mara miguu inapata nafuu na wewe hata huoni. Kwenye stendi hakuna mteremko wa kukubeba. Unakanyaga tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana saa moja ya ndani, ukiifanya sawasawa, ina kazi kuliko saa moja ya nje. Na makalio yanawaka kwa sababu hiyo hiyo: nje unainuka, unajigeuza, unaruka shimo. Ndani umekaa kama umegundishwa. Simama kwenye pedali kila baada ya dakika tano hivi, hata kwa muda mfupi tu, damu ipite.

Sasa feni. Hukuitaja kabisa kwenye barua, na mimi naamini nusu ya ugonjwa wako iko hapo. Katika nguvu zote ambazo mwili unazichoma ukikanyaga, takriban robo tu ndiyo inayofika kwenye pedali. Zilizobaki ni joto. Barabarani upepo wa mwendo unalichukua, wewe unajiona shujaa. Sebuleni joto linakuzunguka, moyo unakwenda mbio kuipeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na kasi ile ile uliyoizoea inakuwa adhabu. Watu wanaita hali hiyo kukosa ari, kumbe ni kuiva. Nunua feni kubwa, si ile ndogo ya mezani, iweke mbele yako ikupige kifuani na usoni, na iwashe kabla hujapanda. Zima hita ya chumba. Fungua dirisha, baridi ya Glasgow ina kazi moja nzuri, na ni hiyo. Tandika taulo juu ya usukani, maana jasho lina chumvi na chumvi inakula skrubu za baiskeli. Chupa ya maji iwe karibu.

Ukishapata feni, tupunguze ratiba. Mara tatu kwa wiki, basi. Na kila mara uwe unajua unapanda kufanya nini kabla hujavaa viatu.

Mara ya kwanza iwe kali na fupi. Kule Trondheim, Norway, ambako majira ya baridi wanayajua kuliko sisi sote, watafiti wa chuo kikuu wameupa umaarufu mtindo wa nne kwa nne: pasha mwili moto dakika 10, kanyaga kwa nguvu dakika 4, legeza dakika 3, na hivyo hivyo hadi zile dakika 4 zitimie mara nne. Malizia kwa dakika 5 za polepole. Jumla ni dakika 40. Nguvu ninayoisema ni ile ambayo nikikupigia simu utanijibu neno moja moja, huwezi kuniambia habari ndefu. Ukuta hutauona. Mtu anayehesabu dakika nne za namna hiyo hana nafasi ya kuangalia rangi ya ukuta. Kama una tatizo lolote la moyo au shinikizo la damu, muone daktari kabla ya kujaribu.

Mara ya pili iwe laini, dakika 45, mwendo wa kupiga soga. Hapa weka mpira, tamthilia, taarabu, kipindi cha redio cha nyumbani, chochote unachokipenda. Ila nina sharti: kitu hicho ukisikilize au ukitazame ukiwa juu ya baiskeli tu. Ukitaka kujua sehemu inayofuata ya tamthilia yako, panda.

Ya tatu ni ya siku ya mapumziko, saa moja na robo, na kama barabara haina barafu fanya nje. Kama ina barafu, kaa ndani wala usijione mnyonge. Mfupa wa nyonga uliovunjika Januari hauendi Pitlochry Mei. Hapa ndipo programu kama Zwift inaposaidia. Imekuwepo tangu 2014. Inakuchorea barabara kwenye skrini, stendi za kisasa zinakaza zenyewe ukifika mlimani, na wale unaowaona pembeni yako ni watu kweli, kila mmoja kwake anatoka jasho. Lipia mwezi mmoja mmoja. Programu inafurahisha, lakini haiwezi kuibeba ratiba mbovu.

Utakutana pia na watu mitandaoni wanaoapa kwamba dakika nne za Tabata zinatosha kila kitu. Profesa Izumi Tabata wa Japani alichapisha utafiti wake mwaka 1996, na ni kweli uliwapandisha watu kwenye baiskeli za ndani: sekunde 20 za nguvu zote, 10 za kupumzika, hadi wakaishiwa kabisa. Lakini walikuwa vijana wanamichezo, siyo baba wa watoto aliyetoka kumbadilisha mzee shuka saa kumi alfajiri. Achana nayo kwa sasa.

Mkeo ameuliza umefika wapi. Swali zuri, na lina jibu. Mwambie habari za Mathew Hayman wa Australia. Februari 2016 alianguka kwenye mbio Ubelgiji akavunjika mkono. Barabarani hakuweza kwenda, akafunga baiskeli ndani kwake na kukanyaga kwenye skrini hiyo hiyo ya Zwift. Tarehe 10 Aprili mwaka ule alishinda Paris–Roubaix, mbio za mawe ambazo wakali wengi wamezitafuta maisha yao yote wakazikosa, na aliyemaliza wa pili nyuma yake ni Tom Boonen, aliyekuwa ameshazishinda mara nne. Kwa hiyo kukanyaga ndani si mchezo wa kitoto. Lakini angalia: Hayman alikuwa na tarehe. Wewe pia unayo, ipo Mei. Iandike kubwa, uibandike pale ulipokuwa unautazama ukuta.

Halafu una jirani ambaye ningependa umfahamu. Graeme Obree ni wa Ayrshire, si mbali na hapo ulipo. Ndiye aliyejitengenezea baiskeli kwa mkono, akatia beringi za mashine ya kufulia, na Julai 1993 kule Hamar, Norway, akavunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kilomita 51.596. Mtu huyo aliiheshimu sana mashine ya ndani, na sababu yake ndiyo ninayotaka uichukue: ndani hakuna upepo wala mteremko wa kukudanganya, kwa hiyo leo unaweza kuilinganisha na wiki iliyopita. Nunua daftari la shule. Baada ya yale mazoezi makali andika mstari mmoja tu: wati ngapi, au gia gani na kasi gani, na ulijisikiaje. Usihesabu siku ulizokosa. Mtu anayehesabu siku alizokosa anatunza kitabu cha madeni, na hakuna anayekifungua kitabu cha madeni kwa hamu.

Obree huyo huyo amesema hadharani jinsi alivyosumbuliwa na sonona, na hapa nataka tuzungumze taratibu. Mwishoni mwa Desemba jua la Glasgow linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Wewe unatoka zamu saa mbili asubuhi, bado giza. Unalala. Ukiamka, limeshazama. Mwanangu, unaweza kumaliza wiki nzima hujaliona jua kwa macho, na wewe ni mtoto wa Arusha. Hilo peke yake linatosha kumwangusha mtu chini ya blanketi. Siku ambayo huna zamu, toka nje mchana, saa sita au saba, hata kama kuna mawingu, utembee nusu saa bila baiskeli. Kuhusu vitamini D, huduma ya afya ya Uingereza inashauri watu wazima wameze mikrogramu 10 kwa siku miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi kama yetu wafikirie kuimeza mwaka mzima, kwa sababu jua la huko halitutoshi. Vidonge ni rahisi, vimejaa madukani. Na kama huzuni haiondoki kwa zaidi ya wiki mbili, chakula hakina ladha, watoto wanakukera bila sababu, nenda kwa daktari wako umwambie hivyo hivyo. Huko kushuka moyo kwa msimu wa giza wanakujua na wanakutibu. Usilione jambo hilo kama aibu ya kiume.

Siku unayotoka zamu, usipande kabisa. Lala. Hilo sijadili.

Jirani wa chini: mtetemo wa stendi unapita kwenye mbao za sakafu kuliko unavyopita hewani, ndiyo maana wewe unasikia mvumo na yeye anasikia kinu. Weka mkeka mzito wa mpira chini ya stendi. Kisha shuka ukamgongee mlango, na sahani ya maandazi mkononi, umuulize ni saa gani haimsumbui. Waskoti wana masikio ya kuwasikiliza waungwana.

Mkeo naye mnunulie kiango cha kuanikia nguo. Usicheke. Baiskeli ambayo kila mara lazima uivue nguo kwanza ndipo upande, hutaipanda. Iwe tayari wakati wote, viatu pembeni, chupa mahali pake. Na mweleze ni siku gani tatu, saa ngapi, ili ajue nyingine zote ni zake na watoto. Nina hakika kilichomuudhi si bei ya stendi peke yake.

Wale wa WhatsApp wanyamazishe mpaka Aprili. Hawana ubaya, ila picha ya jua la watu haimpashi mtu joto. Mchague mmoja kati yao, yule unayemwamini, mkubaliane: saa kumi na moja jioni ya Glasgow, ambayo ni saa mbili usiku Arusha, unamtumia ujumbe kwamba unapanda. Usipotuma, akupigie. Mtu anayesubiriwa hupanda hata asipotaka, na mara nyingi hamu huja dakika ya kumi, jasho likishatoka.

Kuhusu kuuza: jaribu hivi hadi mwisho wa Februari. Ikishindikana, tangaza stendi kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zinaposogezwa mbele. Baada ya hapo jioni zinarefuka, kila mtu anatoka nje, na hakuna atakayekupa bei.