Kabla ya Kujaribu, Tuulize

Sayansi shuleni siyo kukariri tu. Ni kujaribu, kutazama kwa makini na kusema kweli. Lakini kabla ya kujaribu, yako maswali.

Mfano uko hapa hapa kwetu Dodoma. Mwezi Oktoba 2016, wataalamu walipanda Makutupora mahindi yaliyobadilishwa chembe za urithi. Chembe hizo ndizo zinazofanya mmea ufanane na mzazi wake. Walitaka mahindi yavumilie ukame. Mwezi Novemba 2018, Serikali iliamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Ilielezwa kwamba matokeo yalitolewa bila kibali. Wako waliosikitika, maana ukame tunaujua. Wako walioshukuru, maana walihofia mbegu zao za asili.

Leo hatuamui nani alikuwa na haki. Tunachotaka ni watoto wetu wazoee kuuliza mapema:

1. Jaribio hili litamsaidia nani?
2. Likiharibika, ataumia nani?
3. Je, wakulima na walaji wameulizwa?
4. Matokeo yatasemwa yote, hata yasiyopendeza?

Basi, mwanafunzi akitaka kupima mbolea au dawa ya wadudu katika bustani ya shule, kwanza ajibu maswali hayo manne. Nasi wazazi tusinyamaze, ati kwa kuwa hatukusoma sana. Kuuliza si ujinga. Jioni tumwulize mtoto: leo mmejaribu nini, na kwa faida ya nani?