Usirende Kama Si Lazima: Vidokezo 7 kwa Wahariri wa Video wa Kasongo na Kabambare

Arusi Kasongo, Maulidi Wamaza, ubatizo Kabambare: kila mwenye shughuli anataka video yake kesho asubuhi, na kompyuta inakula umeme wa jenereta au wa betri ya sola. Kinachomaliza mafuta ni kurenda, yaani programu kufungua picha za video moja moja na kuzibana upya. Video ya saa moja yenye fremu 30 kwa sekunde ina picha 108,000. Ukioanisha faili na programu tangu mwanzo, utarenda mara moja tu, na pengine usirende kabisa.

1. Fungua gunia uone kilichomo
MP4, MOV na MKV ni magunia tu: mawili yakifanana kwa nje, moja laweza kuwa na mchele na jingine muhogo. Cha kuangalia ni kodeki, yaani namna picha zilivyobanwa ndani. Fungua video kwa VLC, programu ya bure, bonyeza Ctrl na J, kisha uandike mambo matatu: kodeki (mara nyingi H.264 au H.265, ambayo pia huitwa HEVC), ukubwa wa picha, na idadi ya fremu kwa sekunde.

2. Patanisha simu na kamera kabla ya shughuli
Watu watatu wakipiga picha, wote waweke 1080p, fremu 30, H.264. Kodeki hiyo ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kompyuta inaifungua. H.265, ya mwaka 2013, huchukua nafasi ndogo zaidi kwenye kadi, lakini kompyuta ya zamani hukwamakwama ikiicheza. Mwenye iPhone aingie Réglages, Appareil photo, Formats, achague Le plus compatible. Asipofanya hivyo, simu nyingi za aina hiyo hurekodi kwa HEVC.

3. Acha taimlaini ifuate video
Ukiweka video ya fremu 30 kwenye taimlaini ya fremu 25, programu italazimika kutupa baadhi ya picha kila sekunde, na mwendo utaonekana unarukaruka. Kwenye Adobe Premiere Pro, anza kwa kuvuta klipu yako kuu hadi kwenye taimlaini tupu. Mpangilio utajiweka wenyewe. Kdenlive, ambayo ni ya bure, hukuuliza kama ubadili mpangilio ulingane na klipu ya kwanza: kubali. Shotcut, nayo ya bure, hufuata klipu ya kwanza ukiiacha kwenye hali ya otomatiki.

4. Kukata tu hakuhitaji kurenda
Umeombwa kutoa hotuba ya dakika kumi ndani ya video ya saa mbili? Usifungue programu kubwa. LosslessCut na Avidemux, zote za bure, hunakili kipande jinsi kilivyo. Kwenye Avidemux hakikisha video na sauti ziko kwenye Copy. Kazi huisha kwa muda wa kunakili faili tu, na ubora haupungui hata kidogo. Sharti ni moja: H.264 huhifadhi picha kamili mara moja moja, na zilizo katikati huhifadhi mabadiliko tu. Kwa hiyo kipande kianzie kwenye picha kamili, hata kama ni sekunde moja au mbili kabla ya pale ulipotaka. Kuunganisha vipande bila kurenda kunawezekana pia, mradi vyote vilingane kodeki, ukubwa na fremu.

5. Programu ikikataa gunia, badili gunia
Matoleo mengi ya Premiere yamekuwa yakikataa MKV hata kama ndani mna H.264 ya kawaida. Hapo usirende. FFmpeg, ya bure, huhamisha yaliyomo kwa mstari mmoja wa amri: `ffmpeg -i arusi.mkv -c copy arusi.mp4`. Na kama kamera yako huandika faili za MTS, nakili folda nzima ya kadi, usichukue faili moja moja: rekodi ndefu hukatwa vipande, na sauti yaweza kuruka pale vinapoungana.

6. Usipokee video kwa WhatsApp kama video
WhatsApp hubana video kabla ya kuituma, na ubora uliopotea haurudi. Mwambie ndugu anayekutumia aitume kama Document. Faili ya hadi GB 2 hupita bila kuguswa. Mkiwa mji mmoja, acheni vifurushi vya intaneti: kadi ya kumbukumbu ipelekwe kwa pikipiki, au faili ipite simu kwa simu kwa programu ya Xender.

7. Pale pa lazima, renda mara moja, mwishoni
Ukibadilisha rangi, ukaweka majina juu ya picha au ukapunguza mwendo, kurenda hakukwepeki. Basi maliza kila kitu kwanza, mwonyeshe mteja kwenye taimlaini, kisha ndipo urende. Toa kwa ukubwa na fremu zilezile za video ya asili; kuipandisha 1080p hadi 4K hakuongezi uzuri, kunaongeza saa za jenereta. Kwa 1080p, megabiti 8 kwa sekunde zinatosha, nazo ni takriban GB 3.6 kwa saa.
Kuna hali moja inayodai kurenda mapema. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi moja, na kwenye video ndefu sauti huachana na midomo. Ukiona hivyo, pitisha faili kwenye programu ya HandBrake, chagua Constant Framerate, ndipo uanze kuhariri.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha jenereta, jiulize: je, kazi hii inabadilisha picha, au inakata na kuunganisha tu? Kama ni kukata na kuunganisha, nakili. Mafuta yaliyobaki yatafaa kwa arusi ijayo.