ELIMU YA AFYA: Kuhara Kusikokoma na Tofauti za Dawa za Steroidi

Kwa wakazi wa Chara, Garsen na vijiji vingine vya Tana Delta, kuhara si jambo geni. Mto Tana unapofurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, maji ya visima huchanganyika na ya vyoo. Mtu akihara wakati huo, maji ndiyo hushukiwa kwanza, na mara nyingi ndiyo chanzo.

Lakini kuna kuhara kusikotokana na maji machafu. Mgonjwa huenda choo mara nyingi, hata usiku. Choo ni cha majimaji bila damu, na hali huendelea kwa wiki au miezi. Ugonjwa mmoja wa aina hii ni kolaitisi ya hadubini, yaani uvimbe wa utumbo mpana usioonekana kwa macho. Huwapata zaidi wanawake na watu waliopita miaka 50. Hauambukizi. Daktari akiingiza kamera, utumbo huonekana mzima. Ni lazima atoe vipande vidogo vya utumbo vipimwe kwa hadubini.

Hatua ya kwanza si steroidi

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na za vidonda vya tumbo kama omeprazoli, zinahusishwa na ugonjwa huu. Uvutaji sigara pia. Wengine hupata nafuu daktari anapobadilisha dawa hizo. Hali ikiendelea, ndipo steroidi hufikiriwa.

Budesonidi: hufanya kazi ndani ya utumbo

Hii ndiyo dawa inayopendekezwa kwanza. Kidonge chake hutengenezwa ili dawa ifunguke ndani ya matumbo. Ikishafyonzwa hupita kwenye ini, na ini huharibu takribani asilimia 90 yake kabla haijasambaa mwilini. Ndiyo maana madhara yake ni machache. Kipimo cha kawaida ni miligramu 9 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8. Wengi hupata nafuu, lakini ugonjwa hurudi mara kwa mara dawa inapoachwa, na daktari anaweza kumweka mgonjwa kwenye kipimo kidogo zaidi.

Zingatia: budesonidi ya kuvuta kwa ajili ya pumu haitibu utumbo. Usile balungi unapoitumia, na mwambie daktari ikiwa unatumia ARV zenye ritonavir, kwa sababu huongeza dawa hii katika damu.

Prednisoloni: husambaa mwili mzima

Prednisoloni ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, kwa ugonjwa huu haifanyi vizuri kama budesonidi, na husambaa kila mahali mwilini. Ikitumiwa kwa muda huweza kupandisha sukari na presha, kudhoofisha mifupa, kuleta mtoto wa jicho na kupunguza kinga ya mwili. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2016 uliiruhusu pale tu budesonidi haiwezekani. Wenzao wa Ulaya hawaipendekezi kabisa kwa ugonjwa huu. Basi urahisi wa bei usiwe sababu ya kuichagua bila ushauri.

Kwa nini usijinunulie

Wapo wanaonunua prednisoloni au deksamethasoni dukani bila cheti cha daktari, wengine ili wanenepe. Kwa mtu anayehara, hatari ni kubwa zaidi. Kama chanzo ni amiba, steroidi huweza kuuzidisha ugonjwa hadi utumbo ukatoboka. Kuna pia minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya mtu anayetembea peku. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Kinga ikishushwa na steroidi, huongezeka na kusambaa hadi kwenye mapafu, na mgonjwa anaweza kufa. Kifua kikuu kilicholala nacho huweza kuamka. Kwa hiyo choo kipimwe kwanza, dawa baadaye.

Ikiwa tayari umetumia steroidi kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta udhaifu mkubwa, kutapika na kuzimia. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

Ufanye nini?

• Ukihara kwa ghafla, kunywa ORS. Ukikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.
• Choo kikiwa kama maji ya mchele, au ukiwa na damu, homa au kizunguzungu, nenda kituo cha afya mara moja.
• Kuhara kukipita wiki 4, mwone mhudumu wa afya ya jamii au fika zahanati. Utapelekwa Ngao au Hola kwa uchunguzi, na ikihitajika kamera, hospitali kubwa kama za Mombasa.
• Beba pakiti za dawa zote ulizotumia, pamoja na za kienyeji.
• Jisajili na SHA kupitia *147# kabla hujaugua.