Hesabu ya Mtungi Unaovuja: Watumishi wa Afya katika Bonde la Kilombero

Kata ya Viwanja Sitini imo katika mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, ukingoni mwa bonde pana la mto Kilombero. Mwanafunzi aishiye hapo hana haja ya kwenda mbali ili aone mahali wanapoandaliwa watumishi wa afya. Mjini kwake mna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mna vyuo vya matabibu na vya wauguzi, mna chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya kilichoanza mwaka 2010, na mna Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo tafiti zake juu ya malaria husomwa ulimwenguni kote. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipanda gari moshi la TAZARA kuelekea Mlimba, au akivuka mto kwenda Malinyi na Mahenge, huenda akakuta zahanati yenye mtumishi mmoja tu, ambaye siku akiitwa wilayani mlango hufungwa. Yawezekanaje bonde lenye vyuo hivyo vyote likakosa watu wa kukaa katika zahanati zake?

Jibu litolewalo upesi ni kwamba vyuo havitoshi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halitoshi kuyaeleza mambo tuyaonayo. Ili tuelewe zaidi yatupasa kupitia historia kidogo, kisha hesabu, kisha jaribio moja kubwa lililofanyika katika bonde hili hili.

BONDE NA CHUO CHAKE

Kila masika mto Kilombero hufurika na tambarare hugeuka kuwa kama ziwa. Wakulima wengi wa mpunga huhama vijijini wakakaa katika vibanda mashambani kwa miezi kadhaa, mbali na zahanati, nao mbu wako tele. Kwa miaka mingi mgonjwa wa upande wa Ulanga aliyetaka kufika hospitali ya Ifakara alivushwa kwa pantoni. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Katika nchi ya namna hii, daktari hodari aliyeko mjini ni sawa na kisima kilicho ng'ambo ya mto.

Hospitali ya Ifakara ilijengwa na wamisionari Wakapuchini pamoja na masista wa Baldegg, wote wa kutoka Uswisi. Katikati ya miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya mji wa Basel, aliweka hapo maabara ndogo ya utafiti, ambayo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya ya leo. Na mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojipatia uhuru, kikafunguliwa chuo kilichoitwa Rural Aid Centre, kwa msaada wa mfuko wa maendeleo wa huko Basel. Kazi yake ilikuwa kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini.

Haja ilikuwa kubwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na daktari haivi kwa mwaka mmoja. Taifa changa likachagua kujenga ngazi. Chini alisimama mganga msaidizi wa vijijini, aliyemaliza shule ya msingi na kufundishwa miaka mitatu. Juu yake alikuwapo tabibu, aliyetoka sekondari. Juu zaidi alikuwapo daktari msaidizi, yaani tabibu mzoefu aliyeongezewa mafunzo, yakiwamo ya upasuaji. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vijiji vilipewa kipaumbele, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vikajengwa kwa wingi. Chuo cha Ifakara nacho kilipanda daraja kikawa cha kufundisha matabibu, na mwishoni mwa miaka hiyo kikakabidhiwa Serikali.

Wapo wasomi waliowabeza watumishi hao wakiwaita madaktari nusu. Mimi siafikiani nao, na sababu yangu imo katika hesabu ifuatayo.

HESABU YA MTUNGI

Chukua mtungi wenye ufa. Ukiutilia maji bila kukoma, kina kitapanda, lakini jinsi kinavyopanda ndivyo ufa unavyozidi kuvujisha. Mwisho maji yaingiayo yatalingana na yatokayo, na kina kitatulia mahali pamoja hata kama unaendelea kutia. Idadi ya watumishi wa afya wa bonde ni kina cha maji hayo. Chuo ndicho kinachotia. Kuhama, kustaafu na kuacha kazi ndio ufa.

Tufanye mfano wa kubuni. Chuo kinapeleka matabibu 12 kila mwaka katika zahanati za bonde. Kila mwaka, katika kila watumishi watano waliopo, wawili huondoka. Mwaka wa kwanza wapo 12. Mwaka wa pili wamebaki tatu ya tano ya hao, ambayo ni 7.2, ukiongeza 12 wapya unapata 19.2. Mwaka wa tatu ni 23.5, wa nne 26.1. Unaona ongezeko linavyopungua. Idadi itatulia wakati waondokao wanapolingana na waingiao:

2/5 × N = 12, kwa hiyo N = 30.

Hapo chuo kinaweza kuendelea kutoa wahitimu 12 kila mwaka kwa miaka hamsini, na sherehe za mahafali zikafanywa, lakini bonde litabaki na watumishi 30. Sasa badili jambo moja tu. Badala ya wawili katika watano, aondoke mmoja katika watano:

1/5 × N = 12, kwa hiyo N = 60.

Tumepata sitini, na wenyeji wa kata yetu hawataisahau hesabu hiyo. Ili kuifikia kwa njia nyingine, pasipo kuziba ufa, ingebidi chuo kitoe wahitimu 24 kwa mwaka, yaani kijengwe chuo cha pili chenye ukubwa ule ule, chenye mabweni, walimu na maabara. Mwalimu wa hisabati atatambua kanuni iliyomo: idadi iliyotulia ni sawa na waingiao kwa mwaka wakizidishwa kwa wastani wa miaka ya kukaa. Katika mfano wa kwanza wastani ni miaka miwili na nusu. Katika wa pili ni mitano.

Yumkini msomaji atasema kwamba maisha hayafuati milinganyo. Ni kweli kwamba watu si maji. Hata hivyo mlinganyo unatuonyesha mahali pa kutazama, na uchunguzi wa kweli unakubaliana nao. Majirani zetu wa Msumbiji waliwafundisha matabibu kufanya upasuaji, hasa wa kuwaokoa wajawazito. Watafiti walipofuatilia wahitimu kwa miaka saba, waliona kwamba kati ya madaktari waliopangiwa hospitali za wilaya hakubaki hata mmoja, ambapo kati ya matabibu wapasuaji asilimia 88 walikuwa bado wako wilayani. Ukipiga hesabu, asilimia 88 baada ya miaka saba maana yake ni ufa wa chini ya watu wawili katika kila mia kwa mwaka. Hakuna chuo cha udaktari duniani kinachoweza kushindana na mtungi mzima namna hiyo kwa kutia maji tu. Kuhusu ubora wa kazi, uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari.

NANI HUKAA?

Wapo watakaosema kuwa tabibu hukaa kwa sababu cheti chake hakimfungulii mlango wa London wala Johannesburg. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si vema taifa likajenga huduma juu ya kumfungia mtu njia. Mtumishi huondoka kijijini kwa sababu zinazojulikana: nyumba haina paa zuri, mshahara unachelewa, mwenzi wake hana kazi, mtoto hana shule nzuri, hakuna wa kumshauri anapokutana na ugonjwa asioujua, na wenzake walioko mjini wanapandishwa cheo kabla yake. Kila moja ya sababu hizo ni ufa, na kila moja ina gharama yake ya kuziba, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kujenga chuo.

Liko jambo jingine: mtumishi ametoka wapi. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilisikia malalamiko yale yale ya vijiji vyetu, safari hii yakitoka katika nchi tajiri. Norwei ilikuwa na taabu ya kupata madaktari wa kaskazini, kwenye baridi na giza la miezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafungua chuo kikuu huko huko, katika mji wa Tromsø, na kuwatengea vijana wa kaskazini sehemu ya nafasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya madaktari waliohitimu hapo walibaki kaskazini, na kwa wale waliokulia huko, walibaki takriban wanane katika kila kumi. Mtoto wa Mlimba anayeujua mto, anayeijua njia ya kwenda mashambani na kusema na bibi yake kwa lugha ya nyumbani, ana sababu za kukaa ambazo hakuna posho inayoweza kuzinunua.

Ifakara nayo imejaribu kufundisha karibu na mahali pa kazi. Mwaka 2009 na 2010 madaktari wasaidizi kutoka vituo vya afya vya vijijini walifundishwa hapo kwa miezi mitatu upasuaji wa dharura wa uzazi, na wauguzi na matabibu wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Waliporudi, baadhi ya vituo vilianza kazi, na vingine vikakwama: chumba cha upasuaji hakijakamilika, maji hayatoki bombani, mashine haipo. Jambo hili linatupeleka kwenye jaribio nililoahidi, ambalo naliona kuwa ndilo somo zito kuliko yote.

JARIBIO LA VIJIJI 101

Kati ya mwaka 2011 na 2014 Taasisi ya Afya ya Ifakara, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, iliendesha mradi ulioitwa Connect katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji. Vijiji 101 viliingizwa. Kwa kura, vijiji 50 vilipewa wahudumu wa afya ya jamii, walioitwa kwa kifupi WAJA, na 51 vikabaki na huduma za kawaida ili viwe vya kulinganishia. Wahudumu hao walitoka vijijini humo humo, wakafundishwa Ifakara kwa miezi tisa, wakalipwa mshahara. Walitembelea kaya, walishauri wajawazito, na walitibu watoto wenye malaria, kuhara na nimonia.

Kwa nini kura? Lau watafiti wangevichukua vijiji vilivyojitolea, yamkini wangepata vile vyenye viongozi hodari au vilivyo karibu na barabara, na mwisho tusingejua kama watoto walipona kwa sababu ya mhudumu au kwa sababu ya barabara. Kura huyagawa mambo hayo yote kwa bahati, hata yale tusiyoyafikiria.

Matokeo ya vifo yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwahuzunisha wengi. Katika jumla ya watoto wa chini ya miaka mitano, haikuonekana tofauti ya wazi ya vifo kati ya vijiji vyenye wahudumu na visivyo nao. Hapa mwanafunzi aangalie vema. Katika miaka ile vifo vya watoto vilikuwa vikipungua nchini Tanzania kwa jumla. Kama vijiji vya kulinganishia visingekuwapo, mradi ungeonyesha kupungua kwa vifo na kupigiwa makofi. Vijiji vile 51 ndivyo vilivyoilinda nchi na makofi hayo.

Je, wahudumu walikuwa wavivu? Ushahidi hausemi hivyo. Jambo moja lililojitokeza ni kwamba dawa zilikatika katika mifuko yao mara kwa mara. Mhudumu aliyefundishwa kuitambua nimonia, akaitambua, kisha akawa hana dawa, amebaki kuwa mtoa habari mbaya. Tena watoto wengi hufa katika siku za kwanza za maisha, na vifo hivyo hutaka mkunga, chumba cha uzazi na pengine upasuaji. Mfuko wa mhudumu hauvifikii. Kwa hiyo mlinganyo wetu una upungufu. N huhesabu watu waliopo, wala haihesabu kazi wanayoweza kuifanya. Dawa na maji vikiwa sifuri, kuizidisha N hakuleti kitu.

Jambo hili si la kale. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanamume. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono. Swali ninaloliuliza ni lile la Kilombero: ni asilimia ngapi watakaokuwapo mwaka wa saba, na siku ngapi katika mwezi mifuko yao itakuwa na dawa?

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Kwa idhini ya mwalimu na ya mganga mfawidhi, nendeni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ulizeni ni watumishi wangapi walikuwapo kila mwaka katika miaka mitano iliyopita, na wangapi waliondoka. Msiandike majina. Gawanyeni jumla ya walioondoka kwa jumla ya watumishi wa miaka hiyo mitano, mpate ukubwa wa ufa. Kisha tafuteni idadi itakapotulia, ikiwa wapya wanaoletwa kwa mwaka hawatabadilika.

Tahadhari moja. Msijaribu kupata wastani wa miaka ya kukaa kwa kuwauliza waliopo leo wamekaa muda gani. Aliyefika na kuondoka baada ya miezi mitatu hayupo wa kuulizwa, ilhali aliyekaa miaka ishirini mtamkuta kila siku mtakayokwenda. Na huyo naye bado hajamaliza muda wake. Jadilini darasani makosa hayo mawili yanauvuta wastani upande gani, na kama yanaweza kufutana.