Vitabu Teule Vilivyoondolewa: Nyenzo ya Mwalimu

Mwaka wa 2018, Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilichukua nafasi ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora katika utahini wa fasihi nchini Kenya. Nayo baadaye ikaipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mkutubi wa shule asizifungie stoo riwaya zilizoondolewa. Mwongozo (ambao baadhi ya walimu huutanguliza kabla ya matini yenyewe!) hushughulikia kitabu kimoja tu. Hauulizi: kati ya Amani aliyeibiwa mswada na Ridhaa aliyeteketezewa aila, ni nani aliyepokonywa sauti? Walimu wa idara wakizisoma riwaya hizo sambamba, watalazimika kujijengea hoja. Kinachohitajika ni rafu moja ya walimu, na nakala chache zisizoazimwa wanafunzi.